Nyumba Zilizopanda Mtaa wa Kanisa

Jumatatu asubuhi Glenys Hartwig alikuwa akigawa miwani ya kusomea katika ukumbi wa maonyesho ya kilimo wa mji wa Yarranbil. Hicho ndicho kitu ambacho watu waliokuja kuomba msaada walikihitaji kwanza, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamebeba miwani pamoja na vitanda, na mtu hawezi kuomba chochote kwenye karatasi asiyoiona. Watu walijaribu moja baada ya nyingine, wakishika gazeti kwa mbali, na waliopata iliyowafaa walimshukuru kana kwamba yeye ndiye aliyewarudishia macho. Glenys aliitikia kila shukrani kwa kutazama chini ndani ya sanduku.

Alikuwa mtumishi wa serikali huko Brisbane, ofisi ya mipango ya ardhi, ghorofa ya juu yenye zulia la kijivu. Kama wenzake wengi, alikuwa amejiandikisha zamani miongoni mwa wafanyakazi wanaojitolea kwenda kusaidia pakitokea kimbunga au moto wa msituni. Mkubwa wako anakuruhusu, unapewa kizibao chekundu na mafunzo mafupi, na simu ikilia unaacha meza yako unakwenda. Aliwahi kwenda kwingi, na siku zote alirudi amechoka lakini moyo mweupe. Mara hii, alipoulizwa kama yuko tayari kwenda Yarranbil, alimwomba msichana aliyepiga arudie jina la mji. Kisha akasema atakwenda.

Mwenzake wa zamu alikuwa Duc Pham, wa ofisi ya leseni za udereva. Duc alikuwa akimsimulia kila mtu kwamba Brisbane watu humtukana kutwa kwa sababu ya foleni, ilhali huku, kwa foleni ndefu zaidi, wanamletea keki. Baada ya chakula cha mchana wawili hao waliambiwa waende kiwanja cha raga, wakawaone watu wa nyumba zilizohama.

Zilikuwa nyumba tisa, zote za mbao, zote za zamani, za aina ile iliyojengwa juu ya miguu mirefu ya mti mgumu ili upepo na maji vipite chini. Alfajiri mto ulipofurika, nyumba hizo ziling'oa miguu yake kwenye udongo, zikapanda Mtaa wa Kanisa polepole, moja nyuma ya nyingine, na watu wake wakiwa ndani. Zilipofika kiwanjani zilisimama, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa juu penye nafasi. Moja ilikuwa imevunjika mguu njiani na sasa ilikuwa imeegemea ubao wa matokeo. Nyingine ilikuwa na kamba ya kuanikia nguo iliyokuja nayo, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanika.

Tatizo lao lilikuwa la kiofisi. Walipoulizwa kama nyumba zao zimeharibika walijibu hapana. Walipoulizwa kama wanaishi kwenye anwani zao walijibu hapana vilevile. Hakukuwa na msaada kwa mtu wa namna hiyo. Tena klabu ya raga ilikuwa imeanza kunung'unika, maana msimu ulikuwa karibu na nyasi zilikuwa zikikanyagwa.

"Hili la nyasi mimi siliwezi," Duc alimwambia Glenys wakivuka kiwanja. "Nyumba kutembea, sawa. Lakini umeshawahi kubishana na watu wa raga?"

Nyumba ya karibu na goli ilikuwa ya Una Darrow, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi Una, wazungu kwa weusi. Babu zake walichukuliwa kutoka visiwa vya mbali vya baharini kuja kukata miwa, na nyumba ile ilijengwa na baba yake kwa mikono. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, aliyevaa gauni la maua na soksi za mwanamume. Aliwakaribisha barazani, akawaambia waache viatu vyenye tope ngazini, akawamiminia chai na kuwakatia mkate wa malenge.

Duc alimuuliza safari ilikuwaje, kama mtu anavyomuuliza mwenzake aliyeshuka kwenye basi. Shangazi Una alisema haikuwa mbaya. Nyumba iliyumba kidogo kwenye kona ya posta, vikombe viwili vikavunjika. Alisema kwamba alikuwa kitandani akahisi ananyanyuliwa kama mgonjwa kwenye machela, na alipochungulia dirishani akaona paa la duka la nyama likipita chini yake.

"Na zile nyumba mpya za bondeni?" Duc akauliza.

"Zile hazina miguu," alisema Shangazi Una. "Zimemwagwa chini kama keki kwenye sinia. Zingetembea na nini?"

Glenys aliweka kikombe chake chini.

Alizijua nyumba zile vizuri kuliko alivyopenda. Kwenye ramani ya Yarranbil kulikuwa na mstari wa mafuriko. Upande wa chini wa mstari, nyumba ilitakiwa isimame juu ya miguu. Upande wa juu, mtu aliweza kumwaga zege ardhini na kujenga juu yake, jambo ambalo ni rahisi, na nyumba huuzika haraka. Miaka kumi na kitu iliyopita watu fulani wenye ardhi waliomba mstari usogezwe kuelekea mtoni, na ombi hilo lilifika kwenye meza ya Glenys. Mhandisi mmoja mzee alikuwa amesema wazi kwamba maji yatafika pale, kwamba yalishafika pale baba yake akiwa kijana. Glenys alimsikiliza na akamwamini. Lakini ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mkubwa wake alikuwa akipita mlangoni kila baada ya muda kuuliza kama limekwisha, na nyumbani gari lilikuwa limeshapakiwa kwenda pwani, watoto wamekwishavaa kofia. Hakuhongwa wala hakutishwa. Alisema tu kwamba hana pingamizi, akazima taa, akaenda ufukweni. Mtaa uliojengwa baadaye uliitwa Mtaa wa Korongo.

Alipoinua macho, mnara wa kanisa uliokuwa mbele ya baraza ulikuwa umehamia pembeni. Duc naye aliona, akasogeza kiti kufuata kivuli.

"Inageuka," alisema Shangazi Una. "Toka mlipoingia kiwanjani inageuka. Mwanangu, hebu shuka uende pale kwenye bomba."

Glenys alishuka, akavaa viatu, akaenda hadi kwenye bomba la maji nyuma ya goli. Nyumba iliinua mguu mmoja, kisha mwingine, kwa uangalifu, kama mama mzito anayegeuka kitandani asimwamshe mtoto, mpaka ngazi yake ya mbele ikamwelekea. Alihamia upande wa pili wa goli. Nyumba ikamfuata tena. Haikutisha. Ilimwelekea tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema.

"Imekupenda," Duc alimwambia kutoka barazani.

"Hapana, haijampenda," alisema Shangazi Una. "Mara ya mwisho ilimgeukia mume wangu, mwaka ule aliosema alikuwa mjini Mackay kumbe hakuwa Mackay." Akamtazama Glenys akipanda ngazi kurudi, akamwongezea chai.

Kisha, bila kuombwa, akawasimulia sehemu ya safari aliyokuwa ameiruka. Nyumba yake haikupanda moja kwa moja. Ilipitia Mtaa wa Korongo. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vitasa vya milango, na Brett Oldenhof, fundi wa matrekta, alikuwa juu ya paa la gari lake akipiga kelele. Nyumba ilisimama pale, ikapiga magoti kwa mbele, ikashusha ngazi hadi kwake. Brett akapanda. Mkewe, Nerida, alikuwa bado ndani. Goti lake lilikuwa bovu, hakuwa mtu wa kukimbia. Ndiyo maana walinunua nyumba ile, kwa sababu haikuwa na ngazi hata moja.

"Ilingoja," alisema Shangazi Una. "Ilingoja mpaka maji yakaingia kwenye sakafu yangu. Halafu ikainuka ikaondoka. Mimi sikuiambia iondoke. Wala sikuiambia isiondoke." Alikuwa akikunja kitambaa cha meza kilichokuwa kimeshakunjwa. "Brett hajaniambia neno baya. Kila asubuhi anapita ananisalimia. Ningependa asinisalimie."

Jioni, Glenys alimpigia simu mkubwa wake, ambaye sasa alikuwa Murray Clewett, kijana mwenye adabu. Alimweleza kuhusu mstari. Hakusema mengi, alisema tu kwamba haukustahili kuwa pale na kwamba yeye ndiye aliyeupitisha. Murray alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba kazi ya kujitolea huchosha akili, na kwamba baada ya msiba kila mtu huona alichoweza kufanya. Alimwambia pia kwamba jambo lenyewe limeshapita, maana serikali ilikuwa imeamua waliopoteza nyumba wajenge upya haraka, pale pale na kwa namna ile ile, bila kuomba kibali upya. Kuugusa mstari sasa kungewachelewesha watu ambao tayari wanalala kwa ndugu zao. Kabla ya kuaga alimwambia kwamba ofisi nzima inajivunia yeye, na akamwomba apige picha akiwa na kizibao.

Kesho yake Brett Oldenhof alikuja ukumbini. Alikuwa mwanamume mrefu, mikono yenye grisi ya zamani isiyotoka, shati la kuazima lililombana mabegani. Alikaa mbele ya meza ya Glenys, akajaribu miwani, akapata iliyomfaa, akaivua akaiangalia.

"Ya kike hii," alisema.

Glenys alimwambia kwamba ipo nyingine, ila kioo chake kina mkwaruzo.

"Acha, nitavaa hii. Nerida angecheka sana." Akaivaa tena. Aliomba koleo, glavu na mtu wa kumsaidia kutoa mazulia. Hakuomba kingine. Alipoinuka alisita, kisha akasema, "Nyie wa serikali tunawasema vibaya sana, dada. Mimi mwenyewe nimewasema miaka yote. Lakini mmeacha kazi zenu mkaja. Nataka ujue kwamba tumeona."

Glenys alisema asante. Neno hilo lilimkaa mdomoni siku nzima kama kidonge kilichogoma kushuka.

Tangu siku hiyo, kila alipokatiza mjini, nyumba zote tisa zilimgeukia, hata ile iliyovunjika mguu, ambayo iliweza kupinda kona moja tu ya baraza. Wenye nyumba walizoea. Mmoja alimwomba kwa upole kwamba, kama haimsumbui, wakati wa chakula cha mchana akae upande wa kaskazini, ili jua lisiingie jikoni kwake. Glenys akawa anakula upande wa kaskazini.

Alhamisi alivaa glavu akaenda Mtaa wa Korongo. Nyumba ya Brett ilikuwa imebaki kuta na tope. Sakafu ya zege ilikuwa imepasuka katikati, na chini ya ufa huo maji bado yalikuwa yakisikika yakitembea. Brett alikuwa amepiga magoti, miwani ya kike usoni, akikata zulia kwa kisu.

Glenys hakutafuta namna ya kuanza. Alisema kwamba yeye ni wa ofisi ya mipango ya ardhi. Alisema kwamba hapa waliposimama hapakuruhusiwa nyumba kama hii, mpaka yeye aliposema hana pingamizi.

Brett aliendelea kukata hadi mwisho wa kipande. Kisha akauliza, "Ulijua maji yatafika?"

"Niliambiwa. Na nilimwamini aliyeniambia."

"Sasa kwa nini?"

Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo miaka mingi, na sasa kila jibu lilikuwa dogo mno. Akamwambia lililo kweli. "Tulikuwa tunakwenda pwani."

Brett akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za ndugu wa mbali. Kupitia uwazi wa mlango usio na ubao, juu kabisa ya mtaa, ukingo wa nyumba ya Shangazi Una ulionekana umeinama kuwaelekea. Brett naye aliuona.

"Ile nyumba nilikuwa nadhani inaniangalia mimi," alisema. "Siku zote hizi. Nilidhani inaniuliza kwa nini sikurudi ndani kumchukua." Akavua miwani, akaifuta tope kwa shati, ikazidi kuchafuka. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Haya." Akaivaa. "Sikiliza, dada. Usije ukaniomba nikusamehe. Sina nafasi. Wiki hii namzika mke wangu na nina nyumba ya kutoa tope." Kisha akainama akashika ncha ya zulia. "Shika upande huo. Ni zito."

Wakalibeba pamoja mpaka barabarani. Lilikuwa zito kuliko kitu chochote alichowahi kubeba, likivuja maji ya kahawia kwenye viatu vyake. Wakarudi wakachukua lingine. Walifanya kazi mpaka saa ya chai, na saa ya chai Brett alimpa nusu ya mkate wake wenye soseji, kwa sababu Glenys hakuwa amekuja na chakula.

Kwenye mazishi Glenys alisimama nyuma, nje ya uzio, bila kizibao.

Zamu yake ilipokwisha aliomba nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena. Duc alirudi kwenye leseni zake na kutukanwa kwake. Aliagana na Glenys kwenye kituo cha basi kwa kumkumbatia vibaya, akamwambia asikae mpaka aote miguu ya mti. Huko Brisbane picha ya Glenys ilitoka katika jarida la ofisi hata bila yeye kuituma. Mtu alikuwa ameipiga kwa mbali, Glenys akigawa miwani, anatabasamu.

Katika muda huo alijaribu kila alichoweza. Aliandika, akapiga simu, akasimama kwenye mkutano wa mji na kusema mbele ya watu wote yale aliyomwambia Brett. Watu walimsikiliza kwa heshima. Mwanamke mmoja alilia. Kisha mwanamume mwenye watoto watatu waliolala kwenye gari akauliza kama maana yake ni kwamba atacheleweshewa kujenga, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Glenys, nao pia wakingoja. Alisema hapana, haina maana hiyo. Wakamshukuru kwa ukweli wake, wakaendelea na ajenda.

Brett alikwenda kuuliza kama anaweza kujenga nyumba ya miguu safari hii. Aliambiwa anaweza, ila basi atatoka kwenye mpango wa haraka, aanze upya kama mtu mwingine yeyote, na bima yake italipia tu kitu kile kile kilichokuwepo. Alifikiri siku kadhaa. Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua.

Baada ya Pasaka klabu ya raga ikachoka kucheza ugenini. Halmashauri iliwapa wenye nyumba tarehe, nao wakafunga vyombo vyao kwenye magazeti, wakatoa picha ukutani, wakamwondoa paka kwenye ngazi. Ilikuwa Jumamosi yenye jua. Watu walipanga viti vya kukunja kando ya Mtaa wa Kanisa, na wazima moto wakachoma soseji kuchangisha matairi mapya ya gari lao. Polisi walikuwa wachache, kwa hiyo wa vizibao vyekundu wakaombwa kusaidia kuongoza magari. Glenys alipewa kona ya Mtaa wa Korongo, na kibao cha mpini mrefu chenye neno SIMAMA upande mmoja na POLEPOLE upande wa pili.

Nyumba zilishuka kwa mpangilio ule ule ziliopanda nao. Ile iliyovunjika mguu ilikuwa imefungwa gongo la mnazi, ikawa inachechemea mwishoni. Kila moja ilipofika kwenye kona ilipunguza mwendo na kumwelekezea Glenys ngazi yake, kisha ikanyooka na kuendelea bondeni, kwenye mashimo yake ya zamani. Shangazi Una alikuwa barazani kwenye kiti chake, ameshika vikombe mapajani.

"Umekonda, mwanangu," alimwambia alipopita juu yake. "Njoo ule."

Glenys alisema atakuja.

Nyuma yake, kwenye barabara ya pembeni, lilikuwa limekuja lori la zege. Dereva aliona nyumba zinapita, akazima redio, akangoja kwa adabu, pipa kubwa mgongoni likizunguka taratibu ili zege lisigande. Ndani ya Mtaa wa Korongo mbao za kuzuia zege zilikuwa zimepigwa tayari, mraba mmoja baada ya mwingine, na kwenye mraba wa kwanza Brett Oldenhof alikuwa amesimama na viatu vya mpira, reki mkononi.

Nyumba ya mwisho ikachechemea ikapita. Barabara ikawa tupu. Dereva alimtazama Glenys, na watu waliokuwa kwenye viti wakamtazama, na Brett naye, kutoka kule chini, akainua mkono kuonyesha kwamba yuko tayari. Glenys alisimama na kibao, neno SIMAMA likimwelekea dereva, muda ambao dereva aliona ni mrefu kidogo, lakini hakupiga honi. Lilikuwa zege la watu, likikaa huharibika.

Akageuza kibao. Dereva akampungia mkono kumshukuru, akaingia.